Mbu wa Kilombero na Dawa ya Shambani

Ukifika Mikumi mjini, barabara ya Ifakara inaiacha ile ya Iringa na kukata kushoto, na tangu hapo milima ya Udzungwa haikuachi mkono. Inakusindikiza upande wa kulia mwendo wote: Kidodi, Kidatu na miwa yake isiyo na mwisho, daraja la Ruaha Mkuu, Mang'ula penye lango la hifadhi, kisha unateremkia bondeni kabisa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu na kila kipande cha ardhi kisicho na nyumba kina mpunga. Costa niliyopanda ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na boksi la vifaranga lilikuwa miguuni pangu. Mwenye vifaranga, mzee mmoja mcheshi wa Mang'ula, aliposikia ninakwenda Ifakara kuangalia mbu alicheka hadi akakohoa. "Mbu huwaangalii, mwanangu. Wao ndio watakaokuangalia."

Ng'ambo ya milima hiyo, juu kwenye baridi ya Mufindi, watu wanalima pareto. Ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, na kitovuni humo ndimo iliko sumu inayoangusha wadudu kwa dakika chache bila kumdhuru sana mwanadamu. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa kuuza ua hilo, na Tanzania ikafuatia nyuma. Sumu ya pareto ina kasoro moja: haivumilii jua. Ukiipuliza asubuhi, nguvu yake haichukui muda kwisha. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza maabarani nakala ya sumu hiyo inayostahimili jua, wakaiita pemethrini. Mwaka uliofuata wakaja na deltamethrini, kali zaidi. Ukoo huo mzima wa dawa unaitwa pairethroidi, na huenda wewe unayesoma umelala nao jana: umo kwenye chandarua chako, umo kwenye dawa ya mbu ya kuchoma inayofuka chini ya meza, umo kwenye kopo la kupulizia mende. Umo pia kwenye chupa anayobeba mkulima wa nyanya kwenda shambani.

Hilo la mwisho ndilo lililonipandisha Costa. Nimesoma makala nyingi kuhusu usugu wa mbu, nyingi zikiandikwa kana kwamba vita yote inapiganwa chumbani, kati ya chandarua na mbu. Kwa maoni yangu nusu ya vita hiyo iko nje, mashambani, na haina anayeihesabu.

Ifakara ni mji wa baiskeli, mpunga na reli ya TAZARA. Ni mji wa malaria pia, kwa maana ya heshima: tangu miaka ya 1950 Waswisi walipofungua maabara ndogo hapa, bonde hili limekuwa darasa la dunia kuhusu ugonjwa huu, na maabara ile imekua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa na Watanzania. Wenyeji wa umri wangu wanakumbuka vizuri Zuia Mbu. Hilo lilikuwa jina la biashara la vyandarua na vipakiti vya dawa ya kuchovyea vilivyouzwa Kilombero na Ulanga kuanzia 1997, madukani, kwa bei ya kawaida, chini ya mradi ulioitwa KINET. Unanunua neti, unanunua dawa, unachanganya kwenye beseni, unachovya, unaanika kivulini. Watafiti walipokuja kufanya hesabu, matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet: uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 4 waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 27. Baada ya hapo zikaja hati punguzo za wajawazito mwaka 2004, kisha vyandarua ambavyo dawa imetiwa kiwandani na inadumu kwa miaka, kisha kampeni za kugawa bure nyumba kwa nyumba. Barani Afrika kwa ujumla, makadirio yaliyochapishwa 2015 yalisema kinga zote za malaria zilizuia wagonjwa milioni 663 tangu mwaka 2000, na asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na chandarua.

Nayataja haya yote ili mtu asiondoke hapa akisema neti ni ulaghai. Neti imeokoa watu wengi kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kukitumia dhidi ya malaria. Shida ni kwamba kwa muda wote huo kila neti, ya kila kiwanda, ilitegemea ukoo uleule mmoja wa dawa.

Chumba cha kufugia mbu cha Taasisi ya Ifakara kina joto la makusudi na unyevu wa makusudi, na mtu wa Dar es Salaam akiingia anajisikia nyumbani. Kando ya ukuta kuna mabeseni ya viluwiluwi, na juu ya meza vizimba vyeupe vya neti, kila kimoja na kipande cha pamba kilicholoweshwa maji ya sukari. Dume hanywi damu maisha yake yote. Huishi kwa sukari. Jike naye hunywa sukari, ila damu huitaka kwa ajili ya mayai. Dada aliyekuwa zamu alinipa koti jeupe, akaniambia nisimame mahali pamoja nisitikisike sana, akaanza kazi.

Kifaa cha kwanza ni kinyonyeo: mrija wenye mpira mrefu, na katikati kipande cha neti ili mbu asimfikie mtu kooni. Anaingiza ncha kizimbani, anavuta pumzi kidogo tu, mbu anaingia. Mwingine. Mwingine. Ni majike watupu, wenye umri wa siku 3 hadi 5, ambao hawajaonja damu. Wakifika 20 au 25 anawapuliza taratibu ndani ya mrija mpana wa plastiki uliozungushiwa karatasi ndani. Karatasi hiyo imelowekwa dawa ya kiwango maalumu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani; kwa pemethrini ni asilimia 0.75, kwa deltamethrini asilimia 0.05. Hakikuchaguliwa kwa kubahatisha: ni mara mbili ya kile kidogo kabisa kinachotosha kuua karibu mbu wote wa kawaida. Pembeni kuna mrija mwingine wenye karatasi isiyo na dawa, ili mtu asije akailaumu dawa kwa vifo vilivyoletwa na joto au mkono mzito.

Kisha ni kusubiri saa moja. Katika dakika za mwanzo unaona tofauti. Baadhi wanaanza kutetemeka, wanapoteza mwelekeo, wanaanguka chali na kuzungusha miguu. Wengine wanatulia ukutani, juu ya karatasi yenye sumu, matako yamenyanyuka juu kwa ule mkao wa Anopheles unaomtambulisha hata kwa mtu asiye na darubini. Saa ikifika, wote wanahamishiwa mrija safi, wanapewa pamba ya sukari, wanaachwa kwa saa 24, kwa sababu mbu aliyeanguka si lazima awe amekufa.

Siku iliyofuata nilirudi kwa ajili ya hesabu. Waliolala chini hawakuwa hata nusu. Mmoja alikuwa amebakiwa na miguu mitatu, anahangaika pembeni mwa mrija.

"Huyu je?" nikauliza.

"Anaruka?"

Nikagonga plastiki kwa ukucha. Akaruka, akapepesuka, akatua.

"Basi hai," akasema, akaweka alama. "Hapa hatuhesabu miguu, kaka."

Kanuni yenyewe ni fupi. Wakifa asilimia 98 au zaidi, mbu wa eneo hilo bado wanaisikia dawa. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika, na hapo wanaanza kupimwa kwa dozi mara 5, kisha mara 10, kuona usugu wenyewe una nguvu kiasi gani. Ndani ya bonde hili pairethroidi zimeshindwa kipimo hicho kwa miaka mingi sasa, na aliyeshindikana zaidi ni Anopheles funestus, mbu mdogo mweusi ambaye kwa idadi si mwingi sana lakini tafiti za hapa zinamtwika zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yote ya malaria.

Watu husema mbu wamezoea dawa, jinsi mtu anavyozoea pombe. Hakuna mbu aliyewahi kuzoea. Maisha yake ni ya majuma machache, na anayekutana na sumu ama anakufa ama hafi. Kinachobadilika ni ukoo. Katika maelfu ya mbu, kabla dawa haijawahi kupulizwa, daima kuna wachache waliozaliwa na hitilafu fulani katika vinasaba ambayo kwa siku za kawaida haiwasaidii kitu, pengine hata inawachelewesha kidogo. Siku dawa inapopita, wenzao wote wanakufa na wao wanabaki na madimbwi yote, wenza wote na damu yote. Jike hupandwa mara moja tu maishani, kwa kawaida, na hutaga mayai kwa makumi kila anaposhiba damu. Kwenye joto la Kilombero yai linageuka mbu mzima kwa takriban siku kumi na kitu. Piga hesabu ya vizazi vya mwaka mmoja, kisha miaka ishirini ya neti za dawa ileile.

Hitilafu zenyewe ni za namna kadhaa. Ya kwanza iko kwenye mishipa ya fahamu. Ujumbe husafiri mshipani kwa chembe za sodiamu kuingia kupitia vitundu vinavyofunguka na kufunga haraka sana. Pairethroidi hujipachika kwenye kitundu hicho kikabaki wazi, kama mtu aliyeweka mguu mlangoni, na mshipa unapiga kelele bila kukoma mpaka mdudu anatetemeka, anapooza, anakufa. Mbu mwenye badiliko dogo la kinasaba mahali hapo ana kitundu chenye umbo jingine kidogo. Sumu haina pa kushika. DDT nayo hushambulia kitundu hichohicho, na hili tutalirudia.

Ya pili ni vimeng'enya. Mbu, kama sisi, ana vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu anazokula. Mbu sugu anavyo kwa wingi wa kupindukia, na sumu ikiingia inakatwakatwa kabla haijafika mishipani. Hii ndiyo silaha kuu ya funestus wa kusini na mashariki mwa Afrika. Ya tatu ni ngozi nene, hasa miguuni ambako ndiko anakogusia neti, ikipunguza kasi ya sumu kupenya. Na ya nne haina kemia ndani yake: mbu anayeng'ata mapema jioni watu wakiwa jikoni na barazani, au shambani. Bondeni hapa familia nyingi huhamia vibanda vya mashambani msimu wa mpunga, vibanda visivyo na kuta za maana, na huko neti hata ikiwepo hakuna pa kuifungia.

Asubuhi moja kabla hakujapambazuka vizuri, tulikwenda kijiji kimoja nje kidogo ya mji, vijana wawili wa utafiti wakiwa na kifyonzaji cha betri na mimi nyuma yao. Nyumba ya tofali za kuchoma, paa la nyasi, uwazi wa kiganja kati ya ukuta na paa. Huo uwazi ndio mlango wa mbu. Mama mwenye nyumba alituruhusu baada ya shikamoo na maelezo marefu, akasimama mlangoni na kitenge begani akiangalia wanavyopitisha kifyonzaji kwenye kona, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kwenye nguo zilizotundikwa. Walipomaliza wakamwonyesha kikombe. Ndani mlikuwa na majike waliovimba matumbo, wekundu kwa damu.

"Ya nani hiyo?" akauliza.

"Yenu, mama. Ya waliolala humu."

Akakiangalia kikombe, akaiangalia neti ya bluu iliyofungwa fundo juu ya kitanda. Haikuwa na tundu kubwa. "Zamani," akasema, "ukiamka ulikuwa unawafagia. Wamekufa hapa chini, pembezoni mwa godoro. Hii ya sasa mbu anatua juu yake anapumzika."

Ushahidi kama huo sikuupata kwake tu, na sitaki kuupuuza kwa sababu hauna jedwali. Watu wanaolala ndani ya neti kila usiku walijua mambo yamegeuka. Kwa bahati mbaya hitimisho lao si kwamba dawa ya ukoo huu imechoka. Ni kwamba neti hazifai. Hapo ndipo unakuta neti imezungushwa kwenye kitalu cha mchicha au banda la vifaranga. Neti nzima isiyo na tundu, hata dawa yake ikishindwa, bado ni ukuta kati ya mtoto na mbu. Ila neti iliyochanika ilikuwa ikitegemea dawa kuziba yale matundu, na mbu sugu anayapita.

Yote haya tumewahi kuyapitia. Mwaka 1939 Paul Müller, mkemia wa Uswisi, aligundua kuwa DDT inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel, na mwaka 1955 dunia ikatangaza mpango wa kuifuta malaria kabisa kwa kupuliza dawa ndani ya nyumba. Wakati huo tayari Anopheles wa Ugiriki walikuwa wameanza kuikataa DDT, na mwaka huohuo wa 1955 kaskazini mwa Nigeria wakaonekana mbu wasiokufa kwa dawa nyingine, dieldrini. Mpango ulifungwa mwaka 1969. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwahi hata kuingizwa.

Kwetu kulikuwa na jaribio la Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ambako nyumba zilipulizwa dieldrini hadi 1959. Matokeo yake ni ya kustaajabisha hata leo. Funestus, huyuhuyu anayetusumbua Kilombero, alitoweka majumbani. Mahali pengine nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye anapenda zaidi ng'ombe kuliko watu. Baadaye upulizaji ukasimama, na kwa mwendo wa taratibu funestus akarudi. Natamani kila mwanafunzi wa Kilimanjaro na Taita Taveta angefundishwa habari hii; badala yake imelala kwenye majarida ya Kiingereza ya miaka ya 1960.

Dawa ya zamani haiishi ilipoishia. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Ifakara, walitangaza kwamba wamegundua kwa mara ya kwanza lile badiliko la kitundu cha mishipa ndani ya funestus wa Afrika, na mahali walipolikuta kwa wingi ni hapahapa mkoani Morogoro. Ajabu ni kwamba badiliko hilo linamlinda mbu dhidi ya DDT, dawa ambayo hainyunyizwi tena majumbani humu, kuliko dhidi ya pairethroidi. Wao wanataja mabaki ya DDT iliyohifadhiwa miaka mingi na kuvujia ardhini kuwa chanzo kinachoelekea. Kama ni hivyo, basi mbu wa leo amejibu sumu iliyomwagwa kabla baadhi ya wanaomkamata hawajazaliwa.

Neti mpya zipo, na mbili kati yake zimethibitishwa Kanda ya Ziwa. Muleba, mkoani Kagera, ambako nyumba zilianza kupulizwa lambda-sihalothrini mwaka 2007 na mbu wakawa sugu baada ya miaka michache, ndiko ilikopimwa neti yenye pairethroidi pamoja na kitu kinachoitwa PBO. PBO peke yake haiui. Kazi yake ni kuvifunga vile vimeng'enya ili pairethroidi ipite. Miezi 21 baada ya kugawa neti, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 45 kwa waliolalia PBO na 62 kwa waliolalia neti za kawaida. Kwa matokeo ya hapo, Shirika la Afya Duniani liliziruhusu neti hizo mwaka 2017.

Ya Misungwi, mkoani Mwanza, ndiyo inayonivutia zaidi. Hapo ilipimwa neti yenye klorofenapiri, dawa ya ukoo tofauti kabisa, na matokeo yalichapishwa 2022: katika miaka miwili malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 44 ikilinganishwa na neti ya kawaida. Klorofenapiri ikiingia mwilini mwa mbu si sumu kali. Inageuka sumu pale vimeng'enya vyake vinapoishughulikia, vilevile vinavyomwokoa na pemethrini, kisha inakwenda kuzima sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Mbu aliyejijengea vimeng'enya vingi anajiharakishia kifo. Ila kifo hicho ni cha polepole, huchukua siku mbili hata tatu, na mbu atafia kichakani. Mama mwenye neti asubuhi haoni cha kufagia. Wanaogawa neti hizi wasipolieleza hilo kwa uwazi, zitaishia kwenye mchicha kama zilizotangulia. Na kifo hicho cha polepole kina maana: mbu aliyekunywa vimelea huhitaji kuishi siku kumi au zaidi kabla hajaweza kuviambukiza, kwa hiyo ukimfupishia maisha, hata kama alikung'ata jana, umeshinda.

Nikavuka daraja kubwa la Mto Kilombero, ambapo zamani watu walisubiri kivuko, nikaingia Ulanga mpaka Lupiro. Huku ni mpunga kila upande, na kandokando ya mifereji bustani za nyanya, bamia na matikiti. Nikiwa nyuma ya bodaboda tulipita vijana waliobeba mabomba mgongoni wakipiga dawa, miguu mitupu ndani ya maji. Kilichokuwa kwenye bomba siwezi kukiapia, lakini chupa tupu zilizotupwa tutani nilizisoma: lambda-sihalothrini. Ni pairethroidi, ndugu wa damu wa ile iliyo kwenye neti, na inatiririkia maji ambamo viluwiluwi wanakua. Kiluwiluwi anayekulia kwenye maji yenye sumu hafifu, isiyotosha kumuua, amechujwa kabla hajaota mabawa. Akifika chumbani, mtihani wa neti ameshaufanya.

Wizara ya Afya hupima neti, Wizara ya Kilimo husajili viuatilifu vya mashamba, na ni nadra kusikia mtu akiuliza kama dawa tunayoitegemea kitandani inafaa kuuzwa kwa ajili ya nyanya. Nadhani swali hilo lingepaswa kuulizwa kabla chupa haijafika dukani. Kameruni wameshaonyesha gharama yake. Dawa za ukoo wa neonikotinoidi zililetwa karibuni kwa ajili ya kupulizia nyumba, klothianidini ikiwa mbele, zikitarajiwa kuwa ngeni kwa mbu. Karibu na Yaoundé, kwenye mashamba ya mboga, watafiti wakakuta mbu wanaozivumilia kabla hazijapulizwa majumbani, maana wakulima walikuwa wakitumia dada za klothianidini kwa miaka. Hata klorofenapiri, matumaini ya Misungwi, imeshaonyesha dalili za kulegea kwa baadhi ya mbu wa Kameruni, Ghana na Kinshasa.

Lupiro nikaingia duka la pembejeo. Rafu tatu za chupa, mbegu za mahindi kwenye vipakiti, mabomba ya kijani yaliyotundikwa darini. Nikasogea kusoma lebo. Lambda-sihalothrini. Profenofosi. Asetamipridi, ambayo ni neonikotinoidi. Mwuzaji, kijana mwenye adabu sana, akanipa nafasi nisome nitakavyo. Akaingia mkulima, mtu mzima, gamabuti zimejaa tope hadi magotini.

"Hujambo, mwanangu. Ile dawa uliyonipa juzi, kantangaze wa nyanya hafi. Anatembea tu."

"Shikamoo, mzee. Ulipiga kipimo gani?"

"Kile ulichosema. Nikaongeza kidogo."

Kijana akafikiri, akashusha chupa mbili kutoka rafu tofauti. "Basi sasa changanya. Vifuniko viwili vya hii, viwili vya hii, bomba moja. Rudia kila wiki."

Mzee akatoa noti zilizokunjwa, akahesabu, akauliza kama bomba analotumia la jirani litaharibika.

"Haliharibiki, ila ulisuuze ukimaliza."

"Nisuuzie wapi? Bomba la maji kwangu limekatika."

"Si mna mfereji pale shambani, mzee? Suuzia palepale."